Kitabu Kilichoagizwa, Kisha Kikahukumiwa: Kisa cha Mwanahistoria Yermukhan Bekmakhanov

Tarehe 26 Desemba 1950 gazeti la Pravda, msemaji mkuu wa Chama cha Kikomunisti cha Umoja wa Kisovieti, lilichapa makala kuhusu jambo ambalo mtu asingetarajia kulikuta katika gazeti la kila siku: namna sahihi ya kuandika historia ya Wakazakhi wa karne ya 19. Makala hiyo ilitiwa saini na watu watatu, Shoinbayev, Aidarova na Yakunin, na ilikilenga kitabu kimoja kilichotoka Alma-Ata, mji mkuu wa Kazakhstan wakati huo, mwaka 1947 pamoja na mwandishi wake, Yermukhan Bekmakhanov. Mwandishi huyo alikuwa na umri wa miaka 35. Alikuwa Mkazakhi wa kwanza kupata shahada ya daktari wa sayansi za historia, ambayo ndiyo ya juu kabisa katika mfumo wa elimu wa Kisovieti. Miaka miwili haikutimia kabla hajakamatwa, na hukumu aliyopewa ilikuwa miaka 25 kambini.

Kisa hiki kimezoeleka kusimuliwa kama habari ya msomi aliyelipigania taifa lake mbele ya dola iliyotaka kulifuta. Ninavyokisoma mimi, simulizi hiyo inakosea pande zote mbili. Bekmakhanov alikuwa zao la shule za Kisovieti tangu utoto hadi udaktari, na aliandika kwa lugha ya tabaka na njia za uzalishaji kama alivyofundishwa. Dola nayo haikuwa imekataza kuwapo kwa taifa la Wakazakhi. Ililipatia mipaka, bendera, akademia ya sayansi na kiti cha Katibu wa Kwanza, yaani mkuu wa Chama katika jamhuri; tena iliagiza taifa hilo liandikiwe historia, ikatoa karatasi na mishahara kwa ajili ya kazi hiyo. Kosa la Bekmakhanov lilikuwa kuitekeleza kazi aliyoagizwa, halafu kuendelea kuisimamia baada ya mwagizaji kubadili nia.

Waliokuwa hawapo

Kabla ya kukifungua kitabu chenyewe inafaa tuwahesabu watu ambao hawakuwapo kukiandika. Kizazi cha wasomi walioanzisha chama cha Alash mwaka 1917, akina Alikhan Bukeikhanov, Akhmet Baitursynov na Mirzhakip Dulatov, kilisamehewa na Wabolsheviki, yaani wakomunisti wa Urusi, mwanzoni, kikatumika katika magazeti, shule na idara za jamhuri mpya, kisha kikamalizwa. Dulatov alifia kambini mwaka 1935. Bukeikhanov na Baitursynov walipigwa risasi mwaka 1937. Sanzhar Asfendiyarov, ambaye mwaka 1935 alikuwa ametoa kitabu cha historia ya Kazakhstan tangu enzi za kale, alipigwa risasi mwaka 1938. Bekmakhanov, aliyezaliwa Bayanaul mwaka 1915 na kumaliza chuo cha ualimu huko Voronezh, ndani ya Urusi, mwaka 1937, aliingia katika fani ambayo wazee wake walikuwa wamekwisha kufukiwa.

Hata maandishi ya wazee hao yalikuwa yamefungiwa mlango. Baitursynov ndiye aliyeirekebisha hati ya Kiarabu ili ifae sauti za Kikazakhi. Mwaka 1929 hati hiyo iliondolewa ikawekwa ya Kilatini, na mwaka 1940 ya Kilatini ikapisha alfabeti ya Kikirili. Mtu wa umri wa Bekmakhanov aliishuhudia lugha yake ikivikwa hati tatu kabla hajafika miaka 26, na kila mara vitabu vya juzi vikawa mafumbo kwa watoto wa leo.

Kisha ilikuwapo njaa. Kati ya 1930 na 1933, wafugaji wa kuhamahama walipolazimishwa kutulia mahali pamoja na kuingizwa katika mashamba ya pamoja, huku mifugo yao ikichukuliwa kutimiza viwango vya nyama na nafaka, walikufa Kazakhstan watu wanaokadiriwa kufika milioni 1.5, na zaidi ya milioni moja kati yao walikuwa Wakazakhi. Wengine wengi walikimbilia China na jamhuri za jirani. Sensa ya 1939 iliwakuta Wakazakhi wakiwa wachache, kama asilimia 38, katika jamhuri iliyobeba jina lao. Jambo hili halikuruhusiwa kuandikwa. Sidai kwamba Bekmakhanov alipoandika kuhusu malisho yaliyoporwa miaka ya 1830 alikuwa akiyasema kwa mafumbo ya miaka ya 1930. Maandishi yake hayatupi haki ya kudai hivyo. Ila msomaji wake wa Kikazakhi wa mwaka 1947, aliyefikia kurasa zinazoeleza jinsi ngome zilivyoyameza malisho na koo zikasukumwa jangwani, mara nyingi alikuwa mtu aliyezika ndugu zake si zaidi ya miaka 15 nyuma.

Agizo

Vita ndivyo vilivyolifungua jalada la historia. Wajerumani walipoisogelea Moscow mwaka 1941, viwanda, studio za filamu na taasisi za elimu zilihamishiwa mashariki, na kundi la wanahistoria wa Moscow likajikuta Alma-Ata. Miongoni mwao alikuwa Anna Pankratova, Bolsheviki wa siku nyingi na mwanahistoria mwenye cheo na sauti. Wakati huohuo Chama kilihitaji maneno ya kumfanya mwanajeshi wa Kikazakhi apigane kwa moyo mmoja mbali na nyika yake. Stalin mwenyewe, katika hotuba ya tarehe 7 Novemba 1941, alikuwa amewaita mababu wa Warusi, tangu Aleksandr Nevsky, mwanamfalme wa karne ya 13, hadi Kutuzov, jenerali aliyepigana na Napoleon, waje kuwatia moyo wapiganaji. Ikiwa Warusi walirudishiwa mababu zao, haikuwezekana kumwambia Mkazakhi kwamba wake walikuwa ushirikina tu.

Matokeo yake yalikuwa kitabu cha 1943, historia ya Kazakhstan tangu enzi za kale hadi siku hizo, kilichohaririwa na Pankratova pamoja na M. Abdykalykov na kuandikwa na jopo la wasomi wa Moscow na wa Alma-Ata, Bekmakhanov akiwa mmoja wao. Kilikuwa kitabu cha kwanza cha aina yake kwa jamhuri yoyote ya Muungano. Tatizo lilijificha ndani ya agizo lenyewe. Mababu wa Warusi walikuwa wamepigana na Wajerumani, Wamongolia na Wafaransa, kwa hiyo kuwasifu hakukumuudhi yeyote Kremlin. Mababu wa Wakazakhi, hasa wale ambao bado walikuwa wakiimbwa katika mahema ya nyika, walikuwa wamepigana na Warusi.

Mkubwa wao alikuwa Kenesary Kasymov, mjukuu wa Ablai Khan. Sheria za Tsar, mfalme wa Urusi, za 1822 na 1824 zilifuta mamlaka ya makhan katika sehemu kubwa ya nyika na kuigawa nchi kwa maofisa. Nyuma ya sheria zikaja ngome na Wakosaki, askari wapanda farasi wa Tsar, na malisho bora yakachukuliwa. Kenesary aliinuka mwaka 1837, akaishambulia na kuichoma ngome ya Akmola mwaka 1838, akatawazwa khan mwaka 1841, akawa na watoza kodi na mahakimu wake, na aliuawa mwaka 1847 akipigana na Wakirgizi. Miaka kumi ya vita dhidi ya dola ya Tsar si jambo dogo, na si jambo ambalo mwanahistoria wa Kazakhstan angeweza kuliruka.

Bekmakhanov hakuliruka. Tasnifu yake ya udaktari, aliyoitetea Moscow mwaka 1946, ilikuwa juu ya Kazakhstan katika miaka ya 1820 hadi 1840, na mwaka uliofuata ikatoka kama kitabu chini ya uhariri wa M. P. Vyatkin. Hoja yake kuu inaingia katika sentensi moja: mwinuko wa Kenesary ulikuwa harakati ya umma, ya ukombozi wa taifa, dhidi ya ukoloni wa Tsar, na kwa hiyo ulikuwa wa kimaendeleo. Neno la mwisho, kimaendeleo, ndilo lililomponza. Katika historia ya Kisovieti halikuwa sifa ya kupambia maelezo. Lilikuwa muhuri wa hakimu. Kitu kikiitwa cha kimaendeleo kinaingia shuleni, kinapewa jina la mtaa, kinaandikiwa tamthilia. Kikiitwa cha kurudisha nyuma, kinaondolewa kila mahali, na aliyekisifu ana maswali ya kujibu.

Mstari unaosogea

Ili kuona kosa lilizaliwa vipi, lazima tufuate safari ya fomula moja ya Chama. Katika miaka ya 1920, chini ya wanahistoria wa mkondo wa Mikhail Pokrovsky, ilifundishwa kwamba utawala wa Tsar kwa mataifa yaliyotekwa ulikuwa uovu mtupu. Kufikia 1937 fomula ilibadilika: kuunganishwa na Urusi kulikuwa uovu, ila uovu mdogo kuliko kumezwa na jirani mwingine. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 neno uovu lenyewe lilianza kuonekana la aibu, wanahistoria wakaanza kulijadili waziwazi katika jarida lao kuu, na kuunganishwa kukawa heri, kwa sababu ndiko kulikowaleta watu wa pembezoni karibu na tabaka la wafanyakazi wa Kirusi na hatimaye karibu na mapinduzi. Fomula tatu zilipita katika muda wa kizazi kimoja. Kila moja ilipotamkwa ilitamkwa kana kwamba haijawahi kuwapo nyingine.

Kitabu cha 1943 kiliandikwa katika mwanya wa fomula ya pili, wakati vita vimelegeza kamba. Mwanya ulianza kuzibwa mapema. Kitabu kilipopendekezwa kwa Tuzo ya Stalin, mhakiki wake, Aleksei Yakovlev, alikikataa kwa kuwa alikiona kuwa ni cha kuipinga Urusi. Pankratova alilalamika kwa Kamati Kuu, na malalamiko yake yalikuwa moja ya mambo yaliyoleta mkutano mrefu wa wanahistoria huko Moscow kiangazi cha 1944. Kilichompata mlalamikaji ni karipio. Mwezi Mei 1945 Stalin alinyanyua glasi na kulisifu taifa la Kirusi kuwa taifa kiongozi kati ya mataifa yote ya Muungano. Miezi michache baadaye, Agosti, Kamati Kuu ya Kazakhstan ikapitisha azimio la kukikosoa kitabu cha 1943.

Hapa pana swali ambalo mchambuzi wa haki hawezi kulikwepa. Bekmakhanov aliyaona haya yote. Kwa nini basi alichapisha mwaka 1947? Jibu moja ni kwamba ukosoaji wa 1945 haukuwa marufuku: ulidai toleo jipya lililorekebishwa, na Moscow yenyewe ilimpa udaktari mwaka mmoja baadaye kwa hoja ileile. Katika mfumo ambamo idhini hutoka juu, shahada iliyotoka Moscow ilikuwa idhini, au ilifanana nayo vya kutosha kumdanganya mtu makini. Jibu la pili ni la tabia yake. Mwaka 1948 kitabu chake kilijadiliwa mara mbili, kwanza katika Taasisi ya Historia ya Moscow na kisha Alma-Ata kwa siku kadhaa za Julai, na mara zote mbili aliitetea hoja yake kwa nyaraka badala ya kutubu. Kutubu kulikuwa ndiyo njia iliyozoeleka ya kutoka. Wengi waliipita na wakabaki na kazi zao. Yeye alidhani yumo katika mjadala wa kitaaluma. Wenzake waliomshambulia walijua kuwa ile ni baraza la hukumu.

Kilichoubadili mjadala kuwa kesi kilitoka Kaukazi. Mwaka 1950 kitabu cha Heydar Huseynov wa Azerbaijan, kilichomsifu Imamu Shamil, kiongozi wa Waislamu wa Kaukazi wa karne ya 19, kwa vita vyake dhidi ya Tsar, kilinyang'anywa Tuzo ya Stalin ambayo kilikuwa kimekwisha kupewa, na mwandishi wake akajiua mwezi Agosti. Baada ya Shamil, hakuna kiongozi wa uasi dhidi ya Urusi aliyebaki salama ndani ya vitabu. Kenesary alikuwa khan tena mjukuu wa khan. Ilikuwa rahisi kumpa jina la kabaila aliyetaka kuirudisha nyika katika utawala wa kale. Makala ya Desemba 1950 ndiyo iliyofanya hivyo. Azimio la Kamati Kuu ya Kazakhstan la tarehe 10 Aprili 1951 likakubali kila neno lake.

Waliotia saini

Mtu anayetaka kuiona Moscow ikiwaonea Wakazakhi, basi, atasumbuliwa na majina yaliyo chini ya makala hiyo, kwa kuwa wawili kati ya waandishi wake watatu walikuwa wanahistoria wa Kikazakhi. Katibu wa Kwanza aliyeisimamia kampeni mjini Alma-Ata alikuwa Zhumabay Shayakhmetov, ambaye tangu 1946 alikuwa Mkazakhi wa kwanza kukikalia kiti hicho. Utawala haukuhitaji kuleta wageni kuusema uongo wake. Uliwapa wenyeji nafasi ya kushindana nani ausemaye kwa ufasaha zaidi. Ndani ya ushindani huo ziliingia chuki za kazini, tamaa ya vyeo na hofu ya kweli, na siamini kwamba mwanahistoria wa leo anaweza kuzitenganisha.

Nao walioumizwa hawakuwa Bekmakhanov peke yake. Wataalamu wa fasihi Kazhim Zhumaliyev na Esmagambet Ismailov walikamatwa mwaka 1951 na kupewa miaka 25 kila mmoja. Kanysh Satpayev, mwanajiolojia mashuhuri aliyetoka Bayanaul kama Bekmakhanov, aliondolewa katika urais wa Akademia ya Sayansi mwaka huohuo. Mukhtar Auezov, ambaye tamthilia yake ya 1934 kuhusu Kenesary ilikuwa imeondolewa jukwaani zamani, alihamia Moscow mwaka 1953 kabla mkono haujamfikia. Ukiyapanga majina haya pamoja, mwanahistoria, wanafasihi, mwanasayansi na mwandishi, utaona kwamba kilichokuwa kikipimwa si usahihi wa tarehe za karne ya 19. Ni swali la nani ana mamlaka ya kuwaambia Wakazakhi wao ni nani.

Bekmakhanov alinyang'anywa shahada na kazi, akaenda kufundisha shule ya kijijini upande wa Chu, kusini mwa jamhuri. Ni vigumu kutoitafakari picha hiyo: daktari wa sayansi za historia amesimama mbele ya watoto wa kijiji, akifundisha kwa vitabu vya kiada ambavyo sura yake mwenyewe imefutwa. Polisi walimfuata hukohuko Septemba 1952. Mwishoni mwa mwaka alihukumiwa kwa propaganda dhidi ya dola ya Kisovieti, akapelekwa Siberia.

Jina la kosa hilo linastahili kuangaliwa. Katika maazimio na magazeti aliitwa mzalendo wa kibwanyenye, yaani mtu anayeweka taifa mbele ya tabaka. Lakini katika mwaka huohuo kuweka taifa mbele ya tabaka kulikuwa ndiyo kanuni ya historia ya Urusi, ambamo makaizari na majenerali wa Tsar walikuwa wamerejea wakiwa mashujaa wa nchi. Mkulima wa Kirusi na jenerali aliyemmiliki waliweza kusimama upande mmoja wa historia. Mchungaji wa Kikazakhi na khan aliyemwongoza hawakuweza. Kosa halikuwa kuwa na uzalendo. Lilikuwa kuwa na uzalendo usio na ngazi, uliomweka Kenesary na Kutuzov katika kimo kimoja.

Kurudi

Stalin alifariki Machi 1953. Pankratova, ambaye sasa alikuwa mjumbe wa Kamati Kuu na mhariri wa jarida kuu la wanahistoria, hakuwa amemwacha mwanafunzi wake, na mwanzoni mwa 1954 Bekmakhanov aliachiliwa. Siku alizorudi zilikuwa na mabadiliko mengine. Mwezi Februari Shayakhmetov alitolewa katika kiti chake, mahali pake pakaletwa Panteleimon Ponomarenko na chini yake Leonid Brezhnev, kwa sababu Moscow ilikuwa imeamua kuilima nyika ya kaskazini na ilitaka watu wasiosita. Walowezi wakamiminika kutoka Urusi na Ukraine. Sensa ya 1959 iliwakuta Wakazakhi wakiwa kama asilimia 30. Hivyo mtu aliyefungwa kwa kuandika juu ya nyika iliyochukuliwa aliachiliwa wakati sehemu nyingine ya nyika ikianza kugawiwa.

Alirudi Chuo Kikuu cha Alma-Ata, na mwaka 1957 akatoa kitabu kipya kuhusu kuunganishwa kwa Kazakhstan na Urusi, ambacho jina lake peke yake linaonyesha bei aliyolipa. Wako wanaokisoma kama kujisalimisha, na wako wanaoona ndani yake nyaraka zilezile chini ya kichwa kilichoruhusiwa. Mimi naelekea kwa hawa wa pili, kwa sababu ya alichofanya mwaka uliofuata: mwaka 1958 alianzisha katika chuo hicho idara ya historia ya Kazakhstan. Kitabu kinaweza kupigwa marufuku kwa saini moja. Idara ina walimu, ratiba, mitihani na wanafunzi wanaorudi vijijini kwao kuwa walimu. Mwaka 1962 alichaguliwa kuwa mjumbe mshiriki wa Akademia ya Sayansi ya jamhuri. Alifariki mwaka 1966 akiwa na miaka 51, na kuhusu Kenesary hakuwa amepata ruhusa ya kusema tena alichokisema mwaka 1947.

Kitabu chake kilichapwa upya Alma-Ata mwaka 1992, mwaka wa kwanza wa uhuru, na chuo kikuu alichofundisha. Mwaka 2001 sanamu ya Kenesary akiwa juu ya farasi ilisimamishwa kando ya mto Esil, katika mji mkuu mpya wa Astana. Mji huo ulianzia kwenye ngome ya Akmola, ileile aliyoichoma mwaka 1838. Na kwa miaka 30 hivi, tangu 1961, kwa sababu ya kampeni ya kuilima nyika, uliitwa Tselinograd, mji wa ardhi bikira.